Kutoka Kalasi hadi Biro: Mwalimu Anapoingia Katika Sera ya Elimu

Mama mdogo wangu alifundisha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi kwa miaka 11, katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Siku alipopewa barua ya kwenda kutumika katika biro inayoshughulika na programu za masomo, jirani alikuja kumpongeza, akamuuliza: « Mama, sasa umeingia politiki. Ni chama gani? » Tulicheka sana. Lakini usiku nilijiuliza kama jirani yule alikuwa amekosea kweli.

Makala haya yanaeleza nini humpata mwalimu, maarifa yake na hata lugha yake, anapoacha chaki na kuingia katika kazi ya kutayarisha sera ya elimu. Jambo hili linatuhusu sisi wa kitivo hiki. Wengi wetu tutafundisha, na baadhi yetu tutaitwa kwenye meza ambapo vitabu, programu na miongozo huandikwa, hasa kwa sababu tumesoma lugha za Kiafrika. Tukifika huko bila kujua meza ile inafanya kazi namna gani, tutakaa kimya, au tutarudia maneno ya wengine.

1. Siasa, sera na politiki

Kifaransa kina neno moja tu, politique, kwa mambo mawili: ushindani wa vyama kutafuta mamlaka, na mpango unaofuatwa na serikali au taasisi katika jambo fulani. Kiswahili cha Lubumbashi kimelipokea neno hilo pamoja na maana zake zote mbili, kwa hiyo jirani alikuwa na haki ya kuchanganya. Kiswahili sanifu hutenganisha: la kwanza ni siasa, la pili ni sera. Neno siasa limetoka katika Kiarabu, na katika kamusi za zamani lilikuwa pia na maana ya upole na uangalifu. Kulitenda jambo kwa siasa kulikuwa kulitenda taratibu, bila kuharibu.

Utengano huu unatusaidia kufikiri, ila tusiuamini kupita kiasi. Kuamua mtoto asome kwa lugha gani ni sera, lakini uamuzi huo hugawa pesa, kazi na heshima: nani atachapa vitabu, nani atafunza walimu, lugha ya nani itaonekana ubaoni. Jirani alikosea kuhusu chama. Kuhusu njia yenyewe, hakuwa mbali na ukweli.

Sera ya elimu ina ngazi. Juu kabisa iko Katiba. Ile ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Chini yake ziko sheria, kama ile namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa. Halafu zinafuata programu, zinazosema kitu gani kifundishwe katika mwaka gani na kwa saa ngapi. Mwishoni viko vitabu, miongozo ya mwalimu na barua zinazotumwa mashuleni. Mwalimu anayetoka kalasi huingia karibu kila mara kwa ngazi hii ya chini. Asiidharau. Mtoto wa miaka 6 hakutani na Katiba; anakutana na ukurasa wa kitabu.

2. Milango ya kutokea

Hapa kwetu milango ni minne hivi. Wa kwanza ni wa cheo: mwalimu anakuwa direkta wa shule, kisha inspekta, na kutoka hapo anaweza kuitwa katika idara za wizara zinazotayarisha programu na vifaa vya kufundishia. Wa pili ni wa makanisa. Tangu mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za umma zinaendeshwa na madhehebu ya dini, na kila dhehebu lina ofisi zake za uratibu. Maamuzi mengi yanayomgusa mwalimu hupitia huko kabla ya kufika kwake. Wa tatu ni wa miradi. Mfano ni mradi wa ELAN wa kufundisha kwa lugha za taifa, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010 katika nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa, na yetu mojawapo. Wa nne ni wa sindika: kuna walimu waliojifunza kusoma sheria na bajeti kwa sababu walikuwa wanadai mshahara.

Mama mdogo alipita mlango wa tatu. Hakuomba, alialikwa kwa siku 5 kusoma rasimu ya kitabu cha kusoma cha mwaka wa kwanza kwa Kiswahili. Kilichotokea katika siku hizo nitakieleza mbele. Kwanza tumtazame mwalimu ambaye safari yake inajulikana kuliko zote katika lugha yetu.

3. Mwalimu wa Pugu

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, akaenda kusoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na aliporudi alifundisha St. Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa walioanzisha TANU. Mwaka 1955 ikabidi achague kati ya shule na chama, akaacha kazi ya shule. Jina la Mwalimu lakini hakuliacha, na alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, bali siasa ilimpata kama ajali.

Machi 1967 alitoa andiko lake Elimu ya Kujitegemea. Ukilisoma kama mwanaisimu, unatambua mtu aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi. Swali lake la msingi ni la mwalimu: wale wengi ambao hawatachaguliwa kwenda sekondari, shule imewapa nini? Alikataa shule ya msingi iwe chumba cha kusubiria mtihani tu. Alitaka iwe elimu kamili kwa mtoto anayeishia hapo. Alitaka umri wa kuanza shule upandishwe, ili mtoto akimaliza awe amekomaa kiasi cha kufanya kazi, na alitaka shule iwe na shamba lake. Wakati huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi nchini Tanzania.

Hapa tunaona kitu ambacho kalasi humpa mtunga sera: anamkumbuka mtoto anayekaa benchi la nyuma. Lakini historia hiyohiyo inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1974 chama kiliamua huko Musoma kwamba watoto wote waingie shule ya msingi upesi, na mpango ukaanza kutumika kwa wingi mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Watoto wengi mno waliingia shuleni ambao bila mpango huo wasingeingia kamwe. Na ubora wa masomo ukashuka, jambo ambalo Watanzania wenyewe wamelizungumza kwa miaka mingi.

Halafu iko habari ya lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikukubali, Kiingereza kikabaki. Rais alikuwa bado Nyerere, mwalimu yuleyule aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Kwa hiyo tusidhani kwamba mwalimu akifika juu mambo ya kalasi yatajitengeneza. Akifika juu anakutana na bajeti, wazazi, wafadhili na hofu zake mwenyewe.

4. Sentensi isiyo na « na »

Sasa tuingie katika fani yetu. Mwalimu na mtu wa biro hawatumii sarufi moja.

Kalasini vitenzi vina watu. « Fungueni vitabu. » « Mutombo, soma. » « Nitasahihisha kesho. » Kila tendo lina mtendaji, na mara nyingi lina saa. Katika hati ya sera, sentensi hugeuka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kitenzi kuwa nomino: kutekeleza kunakuwa utekelezaji, kuboresha kunakuwa uboreshaji, kuimarisha kunakuwa uimarishaji. Kiambishi u- mbele na -aji nyuma, na mtendaji ametoweka. Njia ya pili ni kauli ya kutendwa: vitabu vitagawanywa, walimu watafunzwa, lugha zitatumiwa.

Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ina mahali pa mtendaji, panapotangulizwa na « na »: vitabu vitagawanywa na nani? Na ofisi ya jimbo? Na direkta? Na mzazi anayevinunua sokoni? Sarufi inaruhusu pale paachwe wazi, na hati za sera hupaacha wazi karibu siku zote. Si lazima iwe uongo. Mara nyingi waandishi hawajakubaliana bado, na sentensi isiyo na mtendaji huwawezesha kutia sahihi wote pamoja.

Tazama sheria ya 2014. Nikiieleza kwa maneno yangu, inasema Kifaransa ndicho lugha ya elimu, na kwamba lugha za taifa na/au lugha za mazingira zinatumiwa kama njia ya kufundishia na kujifunzia, na pia kama somo. Kwa mtu wa lugha za Kiafrika hilo ni jambo kubwa. Tukumbuke kwamba mwaka 1962 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya shule ya msingi kuanzia mwaka wa kwanza, na kwamba mwezi Mei 1974 wanaisimu wa nchi walikutana hapahapa Lubumbashi kujadili lugha zetu na maandishi yake. Lakini tuulize maswali ya sarufi. Zinatumiwa na nani? Na mwalimu ambaye yeye mwenyewe hakufunzwa kuandika Kiswahili? Na ile « na/au » inamaanisha nini kwa mtoto wa Pweto, ambaye nyumbani anasikia Kitabwa na sokoni Kiswahili? Mwalimu wake ndiye atakayechagua, peke yake, asubuhi ya siku ya kwanza.

Mfano mwingine wote tunaujua. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Watoto walikuja kwa wingi, na hilo lilikuwa haki yao. Lakini tangu miaka ya 1990 pesa za wazazi ndizo zilizokuwa zikiwasaidia walimu kuishi, na walimu wengi walikuwa bado hawajaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Malipo ya wazazi yaliondolewa. Mwalimu ambaye hakuwa kwenye orodha alisimama mbele ya kalasi iliyojaa, mfuko mtupu. Sentensi « masomo yatatolewa bure » ni nzuri. Kilichokosekana ni kujazwa kwa pengo moja: yatalipiwa na nani, kuanzia mwezi gani, kwa mwalimu gani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu aliyeingia sera ni rahisi kuitaja na ngumu kuifanya: kila anapoona kitenzi cha kutendwa katika rasimu, adai « na » yake.

5. Batoto na watoto

Narudi kwenye zile siku 5 za mama mdogo. Rasimu ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu: watoto wanacheza, vitabu vizuri, mti mkubwa. Watoto wake wa Katuba husema batoto, bitabu, muti. Sisi tunajua sababu: Kiswahili cha Katanga kimekaa na Kiluba, Kisanga, Kibemba na ndugu zao, ambamo kiambishi cha ngeli ya pili ni ba-. Si uvivu wa ulimi. Ni mfumo, na una kanuni zake.

Tatizo halikuwa kitabu kuandikwa kwa sanifu. Wazazi wengi wanataka hivyo, na kitabu kimoja kinapaswa kusomwa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Tatizo lilikuwa katika kipimo. Mwongozo ulimtaka mwalimu ahesabu maneno ambayo mtoto anayasoma sawasawa kwa dakika moja. Mtoto anaona watoto, analitambua, anaelewa, na kinywa chake kinatoa batoto. Amesoma au amekosea?

Mama mdogo aliinua mkono, akasema: « Batoto bangu bote banasoma hivi, na banasikia maana. » Mmoja wa wasimamizi akamuuliza kwa heshima: « Bote ni bangapi, mama? » Hakuwa na jibu. Alikuwa na majina, aliwajua mmoja mmoja, alijua nani hana bibi wa kumsomesha nyumbani. Hesabu hakuwa nayo, na pale mezani jina halikuwa na uzito.

Aliporudi shuleni alichukua kaye mpya, akachora mistari. Kwa muhula mzima, kila mtoto aliposoma, aliandika neno lililo kitabuni, neno lililotoka kinywani, na jibu la mtoto alipoulizwa maana. Nilimsaidia kupanga kaye ile kwa ngeli, nikiwa nimetoka tu kusoma fonolojia, na kwa mara ya kwanza niliona somo letu likifaa kitu nje ya mtihani. Mkutano wa pili alikuja nayo. Hakusema sana, aliipitisha mkono kwa mkono. Katika mwongozo likaingia fungu fupi: mtoto anayesema batoto mahali palipoandikwa watoto, na anaelewa, amelisoma neno, mwalimu amsifu, kisha amwonyeshe herufi iliyoandikwa.

Ni mistari mitatu katika kitabu chote. Lakini bila mistari hiyo, mwalimu mwenye utii angewaandika watoto wake wanaosoma vizuri kuwa hawajui kusoma.

Jambo hili lina mfano mkubwa zaidi. Nchini Nigeria, mwaka 1970, profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianza kufundisha kalasi za majaribio kwa Kiyoruba kwa miaka yote 6 ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo. Watoto wale hawakubaki nyuma, hata katika Kiingereza. Fafunwa alipokuwa waziri wa elimu mwaka 1990, alikuwa na kitu cha kuweka mezani: matokeo ya kalasi halisi yaliyohesabiwa. Hata hivyo kutoka jaribio hadi nchi nzima ni mwendo mrefu, na Nigeria haijaumaliza.

6. Kinachopotea njiani

Baada ya kaye ile, mama mdogo alipewa kazi ya kudumu. Familia ilifurahi, mshahara ulikuwa na uhakika zaidi. Kalasi yake ilipewa kijana ambaye hakuwahi kufundisha mwaka wa kwanza. Hili halionekani katika hati yoyote: kila mwalimu hodari anayepanda ngazi huacha shimo mahali alipokuwa, na kwa kawaida shimo hilo liko katika madarasa ya chini, ambako mtoto anajifunza kusoma.

Kitu cha pili kinachopotea ni upya wa maarifa. Anayeondoka anaondoka na picha ya kalasi ya mwaka ule. Kalasi ya kabla ya 2019 si ya baada ya 2019. Baada ya miaka michache, mtu anasema « mimi nilifundisha, ninajua », na anachokijua kimeshapita.

Cha tatu ni maneno. Jumapili moja tulikuwa mezani, na mama mdogo akieleza kazi yake alisema: « Walengwa wa ngazi ya chini wana changamoto za kimatamshi. » Binti yake akauliza: « Mama, walengwa ni nani? » Akanyamaza kidogo, akajibu: « Ni batoto. » Alicheka pamoja nasi, lakini baadaye aliniambia kwamba neno lile lilikuwa limemtoka bila yeye kujisikia. Katika biro asingeweza kuandika batoto, asingesikilizwa. Amejifunza lugha ya pili ili kuitetea ya kwanza, na lugha ya pili inaanza kuila ya kwanza. Nasi wanafunzi wa isimu tunaijua hali hiyo kutoka vijijini kwetu.

Yeye amejiwekea dawa. Ijumaa mbili kwa mwezi anaomba ruhusa na kwenda kukaa katika kalasi ya yule kijana, nyuma, na kaye yake. Mara nyingine ruhusa haitolewi kwa sababu kuna ripoti ya kumaliza.

Hitimisho

Kwa mwanafunzi wa kitivo hiki anayefikiri kwamba siku moja atatoka kalasi kwenda biro, ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, aanze kuandika sasa, angali anafundisha: tarehe, neno, jibu la mtoto. Kumbukumbu ya moyo haivuki mlango wa mkutano, kaye inavuka. La pili, asome sheria na programu kama tunavyosoma matini nyingine: nani mtendaji, « na/au » inabeba nini, kitenzi gani kimegeuzwa nomino. La tatu, kabla ya kuondoka amfunze atakayeshika kalasi yake. Na akishaondoka, arudi mara kwa mara kukaa nyuma.

Kwa walimu wetu wa kitivo nina ombi moja. Tunafanya mazoezi ya ufundishaji katika sekondari, lakini uamuzi mkubwa kuhusu lugha zetu unatendeka katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mtupeleke huko pia, hata wiki mbili, tukasikilize mtoto anavyosoma neno watoto.